Kamari Isiitwe Mchezo

Mimi ni mpenzi wa michezo, na nasema hivyo bila kuona haya. Nacheza bao, nacheza drafti, nacheza karata, na jioni kazi zikiisha nacheza michezo ya kwenye simu mpaka betri iniambie sasa basi. Watu wa rika langu hapa Tumati wakinikuta mtu mzima nimeinamia kioo cha simu nikipanga vipande vya rangi, hutikisa vichwa. "Mzee mzima bado anacheza!" Neno hilo "anacheza" hulitamka kama watu wanaotaja ugonjwa wa jirani.

Sikuandika sura hii ili kujitetea. Mvi zangu zinatosha kunitetea. Nimeiandika kwa sababu neno "mchezo" limeibwa, wezi wanajulikana, na wale waliopaswa kupiga yowe wameshughulika kuwakemea wacheza bao chini ya mti. Mwizi amepita mlango wa mbele huku mbwa wakimbwekea mgeni wa nyuma ya nyumba.

Sikilizeni jinsi wizi wenyewe ulivyofanyika. Lugha yetu ina neno "kamari". Ni neno la zamani, tulilipata kwa Waarabu, na kila Mswahili akilisikia anajua linanuka nini. Lakini nenda leo kwenye kibanda chochote ambako vijana huweka fedha zao kutabiri mpira, usome maandishi ya ukutani. Hutakuta neno kamari. Utakuta "michezo ya kubahatisha". Sheria yetu ya mwaka 2003 inaitwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na bodi iliyoundwa kwa sheria hiyo inaitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Waingereza nao katika lugha yao ya kisheria hutumia neno la michezo pale wanapomaanisha kamari, nasi tukafuata. Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita anakua akisikia kwamba rede ni mchezo, kombolela ni mchezo, bao ni mchezo, na kuweka shilingi elfu mbili za mama yake kwenye timu ya Ulaya asiyoweza hata kutamka jina lake nako ni mchezo. Akikemewa hujibu, "Nacheza tu." Nani amlaumu? Serikali yenyewe ndivyo inavyoita.

Sasa, ndugu msomaji, tuulizane mchezo ni nini hasa. Mimi si msomi wa mambo haya, lakini nimecheza kwa zaidi ya miaka hamsini, na nimeona kuwa mchezo wa kweli una alama tatu. Kwanza, wachezaji wote wako chini ya kanuni zile zile, na kila mmoja anaiona kanuni jinsi inavyofanya kazi. Pili, mchezo una mwisho. Bao likiisha limeisha, unapanga upya au unakwenda kukamua ng'ombe. Tatu, aliyeshindwa anarudi nyumbani na kila alichokuja nacho, isipokuwa majivuno.

Chukua bao. Mistari minne, mashimo manane kila mstari, kete sitini na nne. Kila mtu ana mistari yake miwili na kete zake thelathini na mbili, hakuna aliyependelewa. Katika bao la Kiswahili lile la pwani unaanza na kete ishirini na mbili mkononi, unanamua moja moja, unalinda nyumba yako, na zikiisha mkononi unaingia kwenye mtaji. Anayeishiwa kete mstari wa mbele ameshindwa. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alichapisha kitabu mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, akieleza jinsi fundi anavyofuata kichwani mzunguko mrefu wa kete kabla mkono haujagusa shimo. Sisi wa milimani hatuna mafundi wa kiwango hicho. Enzi za utoto wetu, tukiwa bado mkoa wa Arusha kabla ya Manyara kuanzishwa mwaka 2002, tulichimba mashimo ardhini tukaokota kokoto, mchungaji akacheza huku jicho moja liko kwa mbuzi. Lakini tulijifunza kuhesabu. Wapo wenzangu ambao hawakupata nafasi ya kumaliza shule, na hadi leo huwezi kuwapunja hata mia wanapouza vitunguu saumu mnadani. Hesabu hiyo hawakuipata ubaoni kwa mwalimu.

Tena tusisahau kwamba Mwalimu Nyerere alipenda bao, na sijapata kumsikia mtu akisema kuwa bao lilimfanya mvivu.

Drafti ni hivyo hivyo. Kipande cha ubao, miraba iliyochorwa kwa makaa, vizibo vya soda vya mmoja vimelala na vya mwenzake vimefunuliwa. Kanuni ni kali: ukiweza kula, lazima ule, hata kama kula huko kutakuponza. Somo la maisha zima limo katika kanuni hiyo moja. Nimemwona mtendaji wa kijiji akishindwa mara nne mfululizo na kijana anayeziba pancha, na kijana yule akisema mbele ya watu wote, "Mheshimiwa, nimekula tena." Ni mahali gani pengine katika nchi hii ambapo kijana wa pancha anaweza kumwambia mtendaji maneno hayo, na wote wawili wakacheka?

Nakubali shutuma moja dhidi ya wacheza bao na drafti, kwa kuwa ni ya haki. Chini ya mti ule huoni mwanamke. Mama anapita na ndoo kichwani, msichana anapita na kuni, na wanaume sita wamezunguka ubao tangu saa nane. Anayesema kuwa michezo imekuwa starehe ya wanaume kwa jasho la wanawake amesema kweli. Lakini dawa yake ni kugawana ndoo na kugawana ubao. Phiona Mutesi alikuwa msichana maskini wa Katwe, kitongoji duni cha Kampala, alipofundishwa sataranji na Robert Katende. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na baadaye maisha yake yakaandikwa kitabu na kutengenezwa filamu. Hakuna aliyemwambia Katende awafukuze watoto wale wakachote maji. Kama wapo waliomwambia, namshukuru kwa kutowasikiliza.

Niseme na juu ya simu, maana hapo ndipo wazee wenzangu wanaponikasirikia zaidi. Wao wanaiona simu yenyewe kuwa shetani. Mimi sioni hivyo. Mwaka 1997 Nokia walitoa simu yenye mchezo wa nyoka anayekula na kurefuka mpaka anajigonga mwenyewe, na simu zile zilipotufikia milimani miaka ya baadaye, nyoka yule alitufundisha kutumia vitufe kuliko kitabu chochote cha maelekezo. Vijana wa Kampala waliuchukua mchezo wao wa karata uitwao Matatu wakautia ndani ya simu, ukachezwa na watu wasioonana. Kati ya mwaka 2017 na 2019, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa njia ya michezo. Lilikuwa shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi kumi na mitano idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Wengi wao hawakuwa wamekanyaga darasani. Walicheza, wakasoma. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mchezo wa kwenye simu ni upuuzi kwa asili yake, namwomba afike kwanza Tanga.

Hata hivyo siwezi kuitetea simu kwa kila kitu. Ipo michezo inayotolewa bure, na hapo kwenye "bure" ndipo ulipo mtego. Unapanda ngazi kumi kwa raha, ya kumi na moja inakuwa ngumu ghafla, kisha linatokea dirisha la kukuambia kuwa kwa fedha kidogo utapita. Mchezo wa namna hiyo hauna mwisho, umetengenezwa usiwe na mwisho. Alama ya pili imekwisha kufutika. Mimi michezo ya aina hiyo naifuta kwenye simu yangu siku ile ile, na nawashauri wazazi wafanye hivyo. Lakini hapo bado mtu anapoteza muda na fedha kidogo. Niingie sasa kwenye jambo linalopoteza watu.

Zamani mtu wa Tumati akitaka kucheza kamari ilimbidi asafiri. Bahati nasibu ilikuwepo, tiketi ziliuzwa, mtu alinunua moja akasubiri redio. Umbali ulikuwa dawa. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini, fedha zikaingia ndani ya simu, nasi tukashangilia kwa haki, maana mtoto aliyeko Dar es Salaam aliweza kumtumia mama yake fedha ya mbolea siku hiyo hiyo. Lakini njia ile ile iliyoleta fedha ya mbolea ndiyo inayoitoa. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa ilikuja Tanzania ikadhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na tangu hapo mapenzi ya mpira na kamari vimefungwa kitanzi kimoja. Jezi ya mtoto ina jina la timu moyoni na jina la kamari kifuani. Kisha zikaja mashine zile za kumeza sarafu ya shilingi mia mbili, ambazo vijana wanaziita dubwi, zikawekwa mbele ya maduka hadi vijijini. Sheria inasema aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Mashine haina macho ya kuona umri, na mwenye duka ana macho lakini anayafumba.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa mcheza bao hukubali neno baada ya kuhesabu kete.

Tuseme kibanda kimeweka mechi moja hivi: mwenyeji akishinda unalipwa mara 2.50 ya fedha uliyoweka, wakitoka sare mara 3.20, mgeni akishinda mara 2.70. Unataka kuwa na hakika ya kupokea shilingi 10,000 litokee lolote litakalotokea? Weka 4,000 kwa mwenyeji, 3,125 kwa sare, na 3,704 kwa mgeni. Jumlisha. Umetoa shilingi 10,829 ili upokee 10,000. Zile 829 zimekwenda kwa mwenye kibanda kabla mwamuzi hajapuliza filimbi, na wala hajali nani atafunga. Huo ndio ushuru wa mechi moja. Lakini vijana hawaweki mechi moja. Wanaunganisha kumi kwenye tiketi moja wanayoiita mkeka, na kila mechi unayoongeza inatozwa ushuru wake juu ya ushuru. Kwa viwango hivyo vya mfano, mkeka wa mechi kumi wa shilingi 1,000 una thamani ya shilingi 450 hivi kwa wastani, mara tu unapouchukua mkononi. Duka gani jingine hapa kijijini linauza kitu cha mia nne na hamsini kwa elfu moja, na watu wanapanga foleni? Mkeka ukichanika, kijana anamlaumu golikipa.

Au chukua kile wanachokiita kindege. Kilitengenezwa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe ya nchi ya Georgia, na kwa jina lake halisi kinaitwa Aviator. Kindege kinaruka kwenye kioo, namba inapanda, nawe unatakiwa utoe fedha yako kabla hakijatoweka. Watengenezaji wenyewe wanatangaza kwamba kwa wastani asilimia 97 ya fedha inayowekwa hurudi kwa wachezaji. Asilimia 97! Inasikika kama ukarimu. Lakini asilimia hiyo ni ya kila mruko. Anayeweka tena na tena kile kilichorudi, baada ya miruko 23 kwa wastani amebaki na nusu ya fedha yake. Kama kila mruko ukichukua nusu dakika, dakika kumi na mbili zimetosha kula nusu ya debe la mahindi lililolimwa kwa msimu mzima.

Tuzirudie alama zetu tatu. Je, wachezaji wote wako chini ya kanuni zile zile? La hasha. Mmoja anapanga viwango, mwingine anavipokea tu. Je, kuna mwisho? Kibanda kinafungwa, lakini kwenye simu kindege kinaruka saa saba usiku. Je, aliyeshindwa anarudi na alichokuja nacho? Hilo hata tusiulizane. Kwenye drafti huliwa kizibo. Kwenye kamari unaliwa wewe.

Namfahamu kijana mmoja katika kata yetu, simtaji jina. Alikuwa akiendesha bodaboda ya mkataba, kila wiki anampelekea mwenye pikipiki hesabu yake, na baada ya miezi kadhaa pikipiki ingekuwa mali yake. Alikuwa mtu wa kujivunia. Akaweka hesabu ya wiki moja kwenye mkeka, ukachanika. Ili apate hesabu ya wiki iliyofuata alikopa kwenye programu moja ya simu inayotoa mkopo kwa dakika tano bila dhamana. Wakati wa kuiweka ile programu alibonyeza kukubali masharti asiyoyasoma, akawa ameifungulia orodha nzima ya namba zilizomo kwenye simu yake. Siku ya kulipa ilipopita, ujumbe ulianza kufika kwa watu wote: kwa mjomba, kwa katekista, kwa baba wa msichana aliyekuwa amepeleka posa, kwamba fulani ni tapeli anadaiwa. Pikipiki ilirudishwa kwa mwenyewe ikiwa imebaki miezi mitatu tu. Posa ilirudishwa. Kijana aliondoka alfajiri moja ya Julai, baridi kali, hakumwaga mtu. Mama yake ananiuliza kila tukikutana, "Baba, wewe unayejua mambo ya simu, huwezi kumtafuta humo?" Sina jibu la kumpa.

Mikopo ya namna hiyo watu wanaiita kausha damu, na safari hii lugha imesema kweli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Tunashukuru. Lakini ona jinsi mambo haya mawili yanavyopokezana: kamari inatoboa mfuko, mkopo unakuja kuuziba kwa moto. Kufunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi si kulinda nyumba.

Najua watakaonijibu, na majibu yao nayajua kwa moyo.

Wapo watakaosema kamari inaleta kodi, na kodi inajenga zahanati. Ni kweli kodi inalipwa. Lakini kodi ya mahindi inatoka kwenye mahindi yaliyoongezeka, kodi ya kamari inatoka kwenye unga uliopungua. Kama zahanati yangu lazima ijengwe kwa ada ya shule ya mtoto wa jirani, basi mhasibu aiandike hivyo wazi kwenye bango la zahanati tuisome wote.

Wapo watakaosema mtu mzima ana uhuru wa kutumia fedha yake. Naheshimu uhuru huo, na ndiyo maana sijaandika hapa kwamba kamari ipigwe marufuku kesho. Lakini uhuru wa kununua unadai muuzaji aseme anauza nini. Mwenye duka la pembejeo anayeuza mbegu feki akisema ni mbegu bora tunamshitaki. Anayeuza hasara kwa jina la mchezo tunampa nafasi redioni.

Wapo, na hawa ni majirani zangu wakulima, watakaosema kuwa hata kilimo ni kamari: unapanda maharage, mvua inagoma, umeliwa. Hoja hii naiheshimu kuliko zote kwa kuwa inatoka kwa watu waliokaukiwa na shamba kweli. Lakini tuitazame. Mvua haikai ofisini ikipanga viwango ili wewe ushindwe. Mvua ikigoma imegoma kwa wote, nasi tunakopeshana debe. Mwenye jirani aliyevuna vizuri hapati hasara kwa mavuno hayo, pengine anapata mbegu. Tena mkulima aliyeshindwa mwaka huu anajua kitu ambacho hakukijua mwaka jana, juu ya udongo wake, juu ya wakati wa kupanda. Aliyeliwa na kindege mara mia hajajifunza lolote juu ya kindege, kwa sababu ndani yake hakuna cha kujifunza.

Majirani zetu wa Afrika Mashariki wamekwisha kushtuka. Mwaka 2019 Rais Museveni aliagiza makampuni ya kigeni ya kamari yasipewe leseni mpya Uganda. Mwaka huo huo Kenya ilikataa kuongeza leseni za makampuni makubwa ya kamari, na Aprili 2025 bodi yao ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Sisemi hatua hizo zilimaliza tatizo, hazikulimaliza. Nasema kwamba jambo ambalo marais wamelizungumza haliwezi kuwa dogo mno kwa mkutano wa kijiji cha Tumati.

Wilaya yetu ya Mbulu imeipa dunia mfano wa mchezo ni nini. Oktoba 1968, kule Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya mbio za marathoni, akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshatanda, mguu umefungwa bandeji, akawa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, na dunia ikamkumbuka kuliko wengi waliomtangulia. Hakupata medali. Hakuna aliyekuwa amemwekea fedha. Alimaliza kwa kuwa kazi aliyotumwa na nchi yake ilikuwa kumaliza. Watoto wetu wanapita barabara za vumbi zile zile za milimani, na tunawafundisha kwamba utamu wa mashindano ni kukaa chini ya kibanda ukisubiri mtu mwingine akimbie kwa ajili ya mfuko wako. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema mweka fedha.

Ninachodai ni vitu vinne, na vyote vinawezekana. Kamari iitwe kamari, katika sheria, redioni na kwenye vibao vya ukutani. Kila tangazo la kamari liseme kwa namba, kwa Kiswahili, katika kila elfu moja mchezaji anatarajiwa kupoteza ngapi. Mashine za dubwi ziondolewe mbele ya maduka ambako watoto wanatumwa chumvi, na mwenye duka anayefumba macho atozwe faini na serikali ya kijiji chake mwenyewe, maana sheria ndogo tunao uwezo wa kuzitunga. La nne ni letu sisi wapenzi wa michezo: tuwape vijana mahali pa kuchezea. Kijana hawezi kukatazwa kibanda akaachwa na ukuta mtupu. Bao nne, drafti sita, sataranji mbili, mpira na wavu, na kivuli cha kutosha, pawe na saa za wasichana ambazo hakuna mwanaume atakayezinyakua. Seremala wetu ananiambia bao moja zuri linaweza kuchongwa kwa fedha ambayo kibanda kimoja inakula siku moja ya Jumamosi.

Mbao nne nimekwisha kulipia, ziko kwa seremala zinakauka. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaokuja nitasimama niulize tuziweke wapi. Watakaotikisa vichwa watikise. Nawaomba tu wakimaliza kutikisa wakae, tupange kete.